Kisakinishi hakioni diski: iulize BIOS kabla ya kununua nyingine

Mwalimu mmoja wa Koboko alinijia hapa Arua na laptopu moja na SSD mbili, yaani diski zisizo na sahani inayozunguka. Umeme ulikatika Windows ikiwa katikati ya kujisasisha, na tangu siku hiyo mashine ikawa haiwaki vizuri. Fundi wa kwanza alijaribu kuweka Windows upya, kisakinishi, yaani programu ya kuweka Windows, kikasema hakuna diski, naye akamwambia diski imekufa. Mwalimu akaagiza nyingine Kampala. Ikaja na basi la usiku, karibu kilomita 500, ikafungwa, na kisakinishi kikasema vilevile: hakuna diski.

"Fundi, zimekufa zote mbili?"

"Mwalimu, hii ya zamani ndani ilikuwa na nini?"

"Alama za wanafunzi. Mihula mitatu."

Hakuna diski iliyokuwa imekufa. BIOS, programu ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya Windows, ilikuwa inaziona zote mbili, kwa jina na kwa ukubwa wake. Ila hakuna aliyefungua BIOS kutazama. Pesa ya mwalimu ilikwenda bure, na alama zile zilinusurika kwa sababu moja tu: alikataa kuiacha diski yake ya zamani kule alikoanzia. Jambo hili limeniuma, maana nalikuta mara kwa mara, na dakika mbili zingetosha kulizuia.

BIOS inasemaje?

Zima mashine kabisa, iwashe, kisha gonga-gonga kitufe cha kuingilia BIOS. HP nyingi ni F10, Dell ni F2, Lenovo ni F1 au F2, Acer ni F2, na kompyuta nyingi za mezani ni Delete. Tafuta ukurasa unaoorodhesha vifaa vya kuhifadhia. Unachotafuta ni jina la diski na ukubwa wake. Mstari mtupu ni jibu, jina bila ukubwa ni jibu, na ukubwa wa ajabu, kwa mfano GB 0, nao ni jibu.

Kama BIOS haioni kitu, tatizo liko kwenye chuma: diski, kebo, tundu, umeme au mpangilio wa BIOS yenyewe. Hakuna draiva (programu inayoiwezesha mashine kuongea na kifaa) itakayokusaidia hapo, na kubadilisha flashi yenye kisakinishi ni kupoteza mchana. Kama BIOS inaiona na kisakinishi hakioni, chuma kwa kawaida ni kizima, kilichopungua ni programu ya kuwaunganisha. Na kama kisakinishi kinaiona lakini kinakataa kuitumia, basi shida ni jinsi diski ilivyogawanywa. Njia hizi tatu hazikutani. Anayeziruka anaishia kununua vitu.

Kabla hujagusa chochote, muulize mwenye mashine ndani mna nini, na kama kuna nakala mahali pengine. Jibu likiwa "sijui", lichukue kama "mna kila kitu".

BIOS haioni diski

Chomoa chaja. Fungua mfuniko, chomoa na betri ya ndani kama ina plagi yake. Itoe diski, itazame, irudishe kwa mkono thabiti. Linaonekana jambo dogo, lakini huku kwetu vumbi jekundu linaingia kila mahali, na kontakti ikisogea nusu milimita tu diski inapotea. Kama kontakti ni chafu, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye alkoholi ya isopropili, uiache ikauke. Baadhi ya mafundi husugua kwa kifutio cha penseli. Mimi siwashauri, kwa sababu vipande vya mpira vinabaki ndani ya tundu na kuzaa tatizo jipya.

Kwenye laptopu zinazotumia diski za inchi 2.5, itazame ile kebo bapa nyembamba inayotoka kwenye diski kwenda kwenye ubao mama. Inakunjwa pembeni, inabanwa chini ya fremu, na baada ya miaka inapasuka ndani bila kuonekana kwa nje. Dalili yake ni diski inayoonekana leo, kesho haipo, na ukiigeuza laptopu inarudi. Vilevile kuna laptopu ambazo diski ya zamani ilikuwa na kiunganishi kidogo kilichochomekwa mwishoni mwake. Mtu anaitoa diski ya zamani pamoja na kiunganishi, anaitupa, kisha SSD mpya haifiki kwenye tundu. Nimeshakwenda kukitafuta kile kipande kwenye takataka za mteja, na kilikuwamo.

Kompyuta ya mezani ina kebo mbili kwa kila diski ya SATA, aina ya kawaida inayounganishwa kwa kebo: ya data yenye pini 7 na ya umeme yenye pini 15. Badilisha ya data kwanza, hugharimu kidogo. Kisha ihamishie kwenye tundu jingine la ubao mama. Ya umeme ibadilishe na ile unayojua inafanya kazi, kwa mfano iliyokuwa kwenye kisoma-DVD. Baadhi ya diski kubwa zilizotoka kwenye seva hutumia pini ya tatu ya umeme kama amri ya kuzima. Zikifungwa kwenye pawa saplai ya kawaida inayoleta volti 3.3 kwenye pini hiyo, hazizunguki kabisa na zinaonekana kama zimekufa. Dawa ni kiunganishi cha Molex kwenda SATA ambacho hakipeleki volti 3.3.

Sasa sikiliza. Diski yenye sahani (hard disk) inapoamka utaisikia ikianza kuzunguka, na ukiweka kidole utahisi mtetemo mdogo. Kama imekaa kimya kabisa, fikiria umeme au saketi yake. Kama inagonga, tak, tak, tak, kwa mpangilio, zima hapohapo. Vichwa vinatafuta njia na havipati, na kila pigo moja la ziada linaweza kukwangua zaidi. Kichwa cha kusoma huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wenye diski za sahani: ukiondoka ofisini, zima, usifunge kifuniko tu. Laptopu iliyofunikwa ikashindwa kulala, ikaingia kwenye begi na begi likapanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo, inasafiri huku sahani zikizunguka.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kubadilishana. Itoe diski inayoshukiwa uiweke kwenye mashine nzima, au kwenye kiunganishi cha USB. Kisha chukua diski nzima uiweke kwenye mashine inayoshukiwa. Diski ikionekana kwingine, lawama iko kwenye mashine. Diski nzima ikionekana kwenye mashine, lawama iko kwenye diski. Ukifanya upande mmoja tu umepata nusu ya jibu, na nusu ya jibu ndiyo iliyomfikisha mwalimu kununua SSD asiyoihitaji.

SSD ndogo za M.2 zina mtego wao. Kile kipande cha upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80 huja kwa aina mbili zinazofanana machoni: moja inazungumza SATA, nyingine inazungumza NVMe, lugha mpya zaidi ya SSD. Kwa kawaida ya NVMe ina pengo moja kwenye meno yake, ya SATA ina mapengo mawili. Tundu la M.2 linaweza kuzipokea zote mbili kwa umbo lakini likaelewa moja tu. Kuingia si kukubaliwa. Soma maandishi kwenye ubao au mwongozo wa mashine kabla ya kuagiza, hasa kama duka liko Kampala na wewe uko mjini Moyo. Kwenye baadhi ya kompyuta za mezani, ukichomeka M.2 tundu moja au mawili ya SATA yanazimwa, kwa sababu yanatumia njia ileile. Hapo inayopotea ni diski ya zamani, na mtu anadhani ameiunguza.

Halafu kuna betri ndogo ya CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya BIOS. Saa ya BIOS ikirudi nyuma miaka mingi kila unapochomoa umeme, betri imekwisha, na pamoja na saa imepotea mipangilio yote. Kwa miaka mingi eneo letu la Nile Magharibi halikuunganishwa na gridi ya taifa, tukaishi kwa jenereta na umeme wa saa kadhaa. Mashine zilizokaa bila umeme muda mrefu zinakuja na betri hizi zikiwa zimekauka. Badilisha, rekebisha saa, kisha hakikisha kwamba matundu ya SATA hayakuzimwa kwenye BIOS.

BIOS inaiona, kisakinishi hakioni

Hapa ndipo alipokuwa mwalimu wangu. Laptopu yake ina prosesa ya i5-1135G7. Tarakimu mbili za mwanzo, 11, ni kizazi chake. Kuanzia kizazi hicho laptopu nyingi za Intel zinatoka kiwandani zikiwa zimewashiwa kitu kinachoitwa VMD. VMD inasimama mbele ya SSD na kuificha nyuma yake, na asiye na draiva yake hawezi kuona kilichoko nyuma. BIOS ina draiva hiyo. Flashi ya Windows mara nyingi haina. Basi kisakinishi kinakuja na orodha tupu na kitufe cha "Load driver", na watu wanadhani ni habari ya msiba.

Suala hili limeongezeka tangu Microsoft ilipositisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wengi wanahamia Windows 11, na mashine za mitumba za kizazi cha 11 na 12 ndizo zinazofika mezani kwangu.

Njia ya kwanza ni kuipa draiva. Kwenye kompyuta nyingine pakua programu ya Intel RST kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako, ukitafuta kwa modeli kamili. Usikimbilie toleo jipya kuliko yote, chukua linalotaja kizazi cha prosesa yako. Faili ikiitwa SetupRST.exe, ifungue kwa amri hii:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\rst

Nakili folda ya rst kwenye flashi ya Windows. Rudi kwenye kisakinishi, bonyeza "Load driver", elekeza kwenye folda ya VMD. Kwenye kizazi cha 11 utaona jina lenye 9A0B, kwenye prosesa nyingi za kizazi cha 12 lina 467F. Lichague, subiri kidogo, na diski itatokea.

Njia ya pili ni kuzima VMD ndani ya BIOS. Laptopu kadhaa za Acer huficha swichi hiyo mpaka ubonyeze Ctrl na S ukiwa kwenye ukurasa wa "Main". Nyingine hazina swichi kabisa, hapo ni draiva tu. Kama diski ni mpya na tupu, kuzima VMD ni rahisi na mimi ndiko ninakoelekea. Kama ina Windows ya zamani ambayo mtu bado anaihitaji, tahadhari: ukizima, Windows ile itawaka na skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Haijaharibika. Rudisha mpangilio ulivyokuwa nayo itarudi. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, kubadilisha mambo ya BIOS kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Uwe nao mkononi kabla, si baada.

Mashine za zamani zaidi zina ndugu yake VMD: mpangilio wa SATA ulioandikwa RAID au RST badala ya AHCI. Dalili ni zilezile, na tahadhari ni zilezile. Ukiweka Ubuntu kwenye mashine ya aina hiyo, kisakinishi chake huwa kinakuambia wazi uzime RST kwanza.

Kwa kweli flashi ya Ubuntu ni kifaa changu cha uchunguzi hata pale ninapoweka Windows. Unaiwasha bila kusakinisha kitu, unafungua dirisha la amri na kuandika lsblk. Ukiona sda au nvme0n1 yenye ukubwa sahihi, diski iko hai na Linux inaongea nayo. Kwa hiyo kisakinishi cha Windows kikiendelea kusema hakuna, umeshajua kwamba kinachokosekana ni draiva.

Bado kuna ofisi zinazotaka Windows 7 kwa ajili ya programu fulani ya zamani. Windows 7 ilitoka 2009, na viwango vya NVMe vilitangazwa 2011, kwa hiyo haina draiva yake mpaka uiongezee kwa mkono. Haina hata ya USB 3. Ndiyo maana kibodi na flashi zinakufa katikati ya kusakinisha. Kwa mashine ya NVMe, ushauri wangu ni kutafuta namna ya kuhamisha ile programu.

Ujumbe mmoja unawapoteza wengi: ule unaosema draiva ya "media" inakosekana, unaotaja DVD, USB na hard disk kwa pamoja. Mara nyingi sana hapo diski ya ndani haina kosa, mwenye kosa ni flashi. Hamishia flashi kwenye tundu jingine, hasa la USB 2. Ikishindikana, shuku faili ya ISO uliyotengenezea flashi. Sisi tunapakua GB 5 na zaidi kwa bando za simu, usiku, mtandao ukikatika na kurudi, na faili iliyovunjika inaweza kuonekana nzima. Ipime:

certutil -hashfile windows.iso SHA256

Linganisha matokeo na yale yaliyoandikwa kwenye ukurasa uliopakulia. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya.

Inaonekana lakini inakataliwa

Kisakinishi kinaonyesha diski, kisha chini kinaandika kwamba haiwezi kutumika kwa sababu ina jedwali la MBR na mfumo wa EFI (BIOS ya kisasa) unataka GPT. MBR na GPT ni namna mbili za kuandika mgawanyo wa diski, ya zamani na mpya. Hii inatokea sana pale diski ya mashine ya zamani inapohamishiwa kwenye mpya, au flashi ilipotengenezwa kwa namna isiyolingana na mashine.

Kama diski haina kitu cha kuokoa, bonyeza Shift na F10, na kwenye laptopu nyingine uongeze Fn. Kisha andika:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt

Mstari wa pili ndio wa kukaa nao. Soma ukubwa. Usidhani 0 ndiyo ya ndani, kwa sababu wakati mwingine 0 ni flashi, au ni diski ya nje ya mteja iliyosahauliwa kwenye USB. Neno clean halikuulizi mara mbili. Mimi huchomoa kila kisichohusika kabla ya kufika hapo, kisha nasoma ukubwa kwa sauti mbele ya mwenye mashine.

Kama ina data, usiandike clean. Windows 10 tangu toleo la 1703 ina mbr2gpt, inayobadilisha jedwali bila kufuta, lakini hata hiyo uifanye baada ya kunakili data. Na usikimbilie kuirudisha BIOS kwenye hali ya zamani ili MBR ikubalike: Windows 11 inataka UEFI (ndiyo EFI ileile), na MBR haivuki TB 2. Diski ikigoma kwa kusema haiandikiki, amri ya attributes disk clear readonly hutosha mara nyingi. SSD inayorudi kwenye hali hiyo kila mara imefika mwisho wa maisha yake na imejifunga ili usome tu. Ishukuru, nakili, ibadilishe.

Inaonekana, kisha inatoweka

Usakinishaji unafika katikati, unasimama, diski haipo tena. Washa Ubuntu, weka programu ya smartmontools, kisha:

sudo smartctl -a /dev/sda

Kwa hard disk na SSD za SATA, tazama mistari mitatu. Namba 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, na 199 ni makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani. Ya 199 ikipanda huku 5 na 197 ziko sifuri, badilisha kebo, diski ni nzima. 197 ikipanda, diski inakufa na kusakinisha juu yake ni kumpa mteja tatizo la mwezi ujao.

Kuna na diski bandia, hasa zile zinazouzwa kama TB 2 kwa bei ya kushangaza. Ndani yake nimekuta kadi ndogo ya kumbukumbu iliyogundishwa kwenye ubao. BIOS inaonyesha ukubwa wa uongo, kisakinishi kinaanza vizuri, kisha kinakwama pale nafasi halisi inapokwisha. Programu ya f3 kwenye Linux au H2testw kwenye Windows hujaza nafasi yote iliyo tupu kwenye diski na kuisoma tena. Inachukua saa nyingi, na kwenye diski bandia inaweza kuharibu kilichomo, kwa hiyo ifanye siku uliyonunua, risiti ikiwa bado mfukoni.

Diski yenye data ikiwa imeanza kufa, usiendelee kuijaribu kwenye kisakinishi. Tumia ddrescue kwenye Linux kuinakili yote kwenda diski nyingine yenye ukubwa sawa au zaidi:

sudo ddrescue -d -f /dev/sda /dev/sdb nakala.map

Ya kwanza ni inayokufa, ya pili ni inayopokea, na ukizigeuza umefuta ulichotaka kuokoa. Hakikisha kwa lsblk. Faili ya nakala.map iwe kwenye flashi ya tatu, ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Chukua data kutoka kwenye nakala, si kwenye ile ya asili.

Ya mwalimu haikufika huko. Niliiweka SSD yake ya zamani kwenye kasha la USB, ambako VMD haina la kusema, na folda ya alama ikafunguka. Tulinakili kwanza. Kisha draiva ya 9A0B, Windows mpya kwenye SSD ya Kampala, na ile ya zamani akaondoka nayo ndani ya kasha lake, ikiwa na mihula mitatu ndani.